Mtoto Apige Chenga au Atoe Pasi?

Jumamosi moja alasiri nilisimama kando ya kiwanja cha shule ya msingi, nje kidogo ya mji wa Tanga, nikitazama mchezo wa watoto wa chini ya miaka 12. Kiwanja chenyewe kilikuwa kama viwanja vyetu vingi: mchanga upande mmoja, majani makavu upande wa pili, milingoti ya miti isiyo na wavu, na nyuma ya lango la mashariki shamba la mihogo ambalo huumeza mpira kila baada ya dakika chache. Wenyeji walikuwa na winga wa kulia, mtoto mdogo wa umbo, peku, ambaye kila mpira ulipomfika miguuni watazamaji waliokaa waliinuka. Mwanzoni mwa kipindi cha pili alimpiga chenga beki wa kwanza, akampiga tobo wa pili, akamzunguka wa tatu, kisha badala ya kutoa pasi akamrudia yule wa kwanza ili ampige tena. Akapokonywa. Wapinzani wakaubutua mpira mbele. Mshambuliaji wao, ambaye kwa kimo chake ningedhani umri wake ulikwisha kuvuka miaka 12 siku nyingi, akaukimbilia na kufunga.

Mwalimu wa timu akamtoa yule winga papo hapo. Mtoto akaenda kukaa chini ya mwembe, akajifunika uso kwa jezi, akalia.

Muda wote wa mchezo nilikuwa nikisikia kelele za namna mbili kutoka pembeni. Mwalimu na wasaidizi wake walipiga ukelele mmoja tu, “Achia! Achia mpira!” Watazamaji nao, hasa vijana waliopanda juu ya ukuta, walijibu, “Mrudie! Mpige tena!” Mtoto wa miaka 11 alikuwa katikati ya amri hizo mbili zinazopingana, na hapana mtu mzima hata mmoja aliyemweleza ni wakati gani aitii hii na wakati gani aitii ile. Alitii ile iliyopigiwa makofi. Kisha akaadhibiwa kwa kuitii.

Nililiona jambo la tatu ambalo sidhani wengi waliliona. Upande wa kushoto alikuwako mtoto mwingine, mrefu kidogo, asiye na mbwembwe. Katika kipindi cha kwanza, kila mwenziwe wa kulia alipoanza chenga zake, huyu alikimbia mbele kuomba pasi. Nilimhesabu: alikimbia mara nne, na mara zote nne mpira haukuvuka upande wake. Mara ya tano hakukimbia. Alisimama, akashika kiuno, akatazama kama watazamaji wengine. Huyu hakulia, wala hapana aliyemtoa uwanjani, lakini kwa hakika alikuwa amekwisha kutoka.

Ndugu msomaji, makala haya ni juu ya watoto hao wawili. Kila mmoja wao alikosewa siku ile, nami nashawishika kuamini kwamba aliyewakosea ni mmoja.

Watu wengi hudhani kuwa ubishi wa chenga na pasi umeletwa na televisheni na vilabu vya Ulaya tunavyovitazama vibandani. La. Ubishi huu ni mkongwe kuliko klabu yoyote katika Afrika Mashariki, na yafaa tuurudie asili yake. Chama cha Soka cha Uingereza kilipoundwa mjini London mwaka 1863, sheria zake za kwanza zilimhesabu kila mchezaji aliyekuwa mbele ya mpira kuwa ameotea. Maana yake ni kwamba pasi ya mbele haikuwezekana. Mwenye mpira aliukokota mwenyewe kuelekea lango, na wenziwe walimfuata nyuma kama kundi la nyuki, wakingoja aupoteze wauokote na kuendelea. Mwaka 1866 sheria ikalegezwa: mchezaji aliruhusiwa kuwa mbele ya mpira maadamu wapinzani watatu wako kati yake na mstari wa goli. Mlango wa pasi ukafunguliwa, lakini mazoea hayafi kwa siku moja. Waingereza waliendelea kuamini kwamba kandanda ni kukokota, na kwamba kutoa mpira kwa mwenzio ni jambo la mtu aliyeshindwa.

Tarehe 30 Novemba 1872, katika mji wa Glasgow, Uingereza ikapambana na Uskochi katika mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza rasmi kati ya mataifa. Waskochi wote siku ile walitoka katika klabu moja, Queen's Park. Walikuwa wepesi wa maumbo kuliko wenzao, na klabu yao ilikuwa imezoea kucheza kwa kupeana mpira badala ya kila mtu kwenda peke yake. Mchezo ukaisha bila goli. Lakini miaka iliyofuata mambo yalidhihirika: mwaka 1878 Uskochi iliifunga Uingereza magoli 7 kwa 2, na mwaka 1881 ikaifunga 6 kwa 1, tena London kwenyewe. Haukupita muda vilabu vya Uingereza vikawa vinawafuata Waskochi kuwatoa kwao waje kuwafundisha namna ya kuchezeana.

Msomaji wa haraka angesema basi kesi imekwisha, pasi imeshinda. Nami ningekubali, lau kama historia ingeishia hapo.

Haikuishia hapo. Mwaka 1958, katika fainali ya Kombe la Dunia huko Sweden, Brazil ilikuwa na winga wa kulia aitwaye Garrincha, mtu wa miguu iliyopinda, ambaye kwa kumtazama usingedhani ataweza hata kukimbia. Chenga yake ilikuwa karibu moja tu: husimama mbele ya beki, hutikisa kiwiliwili kana kwamba anakwenda kushoto, kisha hutoka kulia. Mabeki waliijua, walionywa, na bado iliwapita. Wasweden walitangulia kufunga. Garrincha akampita beki wake akatoa krosi, Vavá akasawazisha. Akampita tena akatoa krosi nyingine, Vavá akafunga la pili. Brazil ikashinda 5 kwa 2. Twambie, ndugu msomaji, magoli yale mawili yalikuwa ya chenga au ya pasi? Mabeki wa Sweden hawakushindwa na krosi. Krosi huokolewa kila siku. Walishindwa kwa kuwa mmoja wao alikwisha kupitwa, na wenziwe wakalazimika kuacha watu wao ili kuziba pengo. Chenga ndiyo iliyolivunja ghala, pasi ikaingia kuchukua nafaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Diego Maradona, mwaka 1986 huko Mexico, kwa sababu yeye yule aliutoa upande huu na upande ule katika muda wa wiki moja. Tarehe 22 Juni, dhidi ya Uingereza, aliupokea mpira akiwa bado katika nusu yake mwenyewe, akageuka, na kwa muda wa sekunde kama kumi akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine hadi golikipa Peter Shilton, akafunga. Dunia nzima inalikumbuka goli hilo kama kazi ya mtu mmoja. Lakini ukilitazama tena, mtazame mtu aitwaye Jorge Valdano, ambaye anakimbia upande wa kushoto sambamba naye. Valdano hakuugusa mpira. Hata hivyo mabeki hawakuweza kumsahau, na kwa kutomsahau walichelewa kumkabili Maradona. Maradona mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa akimwona mwenziwe na alidhamiria kumpa pasi. Pasi ile ambayo haikutolewa ilifanya kazi yake, kwa sababu mwenziwe alikimbia akiamini kwamba huenda ikatolewa. Hebu mkumbuke sasa yule mtoto wa kushoto wa kiwanja chetu aliyeacha kukimbia mara ya tano.

Siku saba baadaye, katika fainali, Wajerumani wa Magharibi walimwekea Maradona walinzi hata hakuweza kufunga goli lolote. Walikuwa nyuma kwa 2 kwa 0, wakasawazisha. Dakika chache kabla ya mwisho Maradona akaupata mpira katikati ya uwanja, jezi za Ujerumani zimemzunguka. Yule aliyewapita Waingereza wote wale hakumpita mtu hata mmoja. Aliugusa mpira mara moja kwa mguu wa kushoto, ukapenya katikati ya mabeki, Jorge Burruchaga akaufuata mbio na kufunga. Argentina 3, Ujerumani Magharibi 2. Kombe likapatikana kwa pasi ya mpiga chenga. Na pasi ile iliwezekana kwa kuwa Wajerumani waliiogopa chenga yake hata wakaacha uwanja mzima wazi nyuma yao.

Nimeyakawilia haya kwa makusudi, kwani walimu wetu wengi huzungumza kana kwamba chenga na pasi ni mitaa miwili na kijana lazima achague mtaa wa kuishi. Kwa kweli kila kimoja ndicho kinachokipa kingine thamani. Beki asiyeogopa kupitwa humsogelea mwenye mpira na kuziba njia za pasi. Beki asiyeogopa pasi huwaita wenziwe wawili kuja kumbana mpiga chenga. Timu yenye silaha moja tu hujulikana upesi. Wahispania walitwaa Kombe la Dunia la 2010 kwa pasi, wakafunga magoli 8 tu katika michezo 7, na dunia ikawaiga. Lakini Desemba 2022 huko Qatar walikutana na Morocco, ndugu zetu wa Afrika, wakapiga mamia kwa mamia ya pasi mbele ya ukuta ule kwa dakika 120 bila kufunga, na wakatolewa kwa penalti. Walipotwaa ubingwa wa Ulaya tarehe 14 Julai 2024, walikuwa wamewaweka pembeni mawinga wawili wapiga chenga, Lamine Yamal na Nico Williams. Goli la kwanza la fainali ile lilifungwa na Williams kwa pasi ya Yamal, ambaye alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja kabla. Mpiga chenga mmoja akampa mwenziwe.

Sasa turudi kwetu, mchangani.

Walimu wanaokataza chenga hudai kwamba wanajenga mchezo wa pamoja. Husema kidole kimoja hakivunji chawa, na nani atakayewapinga? Lakini nenda ukatazame timu zao zinacheza nini baada ya chenga kupigwa marufuku. Pasi huzioni. Unachokiona ni kubutua. Mtoto anapopokea mpira na mpinzani mmoja akamjia mbio, huwa hana mambo mengi ya kufanya: ama atulie, amkwepe, apate nafasi ya kuinua kichwa na kumwona mwenziwe, ama auondoe mpira upesi popote uendako. Aliyekatazwa kumkwepa mtu amebakiwa na hilo la pili peke yake. Kwa hiyo amri ya “Achia!” iliyokusudiwa kuzaa pasi huzaa teke. Mpira hupaa juu, mtoto mwenye kimo kikubwa huukimbilia, na timu inayoshinda ni ile iliyompata mkubwa zaidi. Huko ndiko kulikofungwa lile goli la Jumamosi. Mwalimu aliyempoteza winga wake alifungwa kwa kubutua, na dawa aliyoitoa ni kuwafanya wake nao wabutue.

Hilo ni kosa la kwanza, na madhara yake hayaonekani mwaka ule ule. Huonekana miaka minane baadaye, kijana yule anapofika ligi kubwa na kukabiliwa na beki mahiri, akaurudisha mpira nyuma kwa kuwa hapana kitu kingine alichopata kujifunza. Wepesi wa kiuno na ujasiri wa kumkabili mtu ana kwa ana hujengeka utotoni. Kijana wa miaka 18 unaweza kumfundisha wapi asimame na lini akimbie. Kumfundisha tobo ni kazi ya kuchosha. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja.

Nisieleweke kwamba nawatetea wachoyo wa mpira. Mchezo wa watoto wa dakika 50, ukigawa dakika hizo kwa watoto 22, kila mmoja hupata dakika mbili na kitu. Mtoto anayekaa na mpira dakika tano amekula haki ya wenziwe, na hawa wenziwe nao walifua jezi zao jana yake, nao waliacha kazi za nyumbani waje kucheza. Mpira ni mali ya watu kumi na mmoja. Tena mchoyo hujidhuru mwenyewe. Chenga ya tatu baada ya mbili zilizofaulu huwa imekwisha kupoteza faida yake, kwa kuwa mapengo yaliyofunguliwa na zile mbili yamekwisha kuzibwa alipokuwa akijifurahisha. Kumrudia mtu uliyekwisha kumpita, kama alivyofanya mtoto wetu, ni kumwokoa mpinzani ambaye alikuwa amekwisha kushindwa.

Basi kinachotakiwa kufundishwa ni kupambanua. Mtoto aelewe kwamba mbele ya lango lake mwenyewe chenga ni hatari, kwani akipokonywa hapo hapana wa kumwokoa. Hapo kazi yake ni kutuliza na kutoa. Katikati ya uwanja atazame kwanza: kama mwenziwe yuko wazi mbele, mpira husafiri upesi kuliko miguu. Lakini pembeni, karibu na eneo la hatari la wapinzani, akiwa amekabiliwa na beki mmoja tu, huko aruhusiwe kujaribu, na akishindwa mara tatu aruhusiwe kujaribu mara ya nne. Akikuta mabeki wawili wamemjia, ajue kuwa kwa hesabu ya kawaida kabisa mwenziwe mmoja ameachwa peke yake mahali fulani, na kumtafuta huyo si woga. Haya hayahitaji ubao wala chaki. Yanahitaji mwalimu ambaye, mtoto anapokosea, atamwuliza, “Ulimwona nani?” badala ya kumtoa.

Swali hilo ndilo nisilolisikia viwanjani petu. Mtoto anayetazama mpira miguuni mwake hawezi kulijibu, na kwa kuulizwa mara nyingi ataanza kuinua kichwa. Mtoto aliyezoea kuinua kichwa huku mpira u miguuni, huyo amekwisha kuwa mchezaji. Yaliyobaki ni umri na chakula.

Wenzetu wa nje nao wanarudia hatua za mwanzo. Ujerumani, taifa lililotwaa Kombe la Dunia mara nne, lilitolewa katika hatua ya makundi mwaka 2018 na tena mwaka 2022. Chama chake cha soka kiliamua kwamba kuanzia msimu wa 2024/25 watoto wadogo nchini humo wacheze wawili kwa wawili na watatu kwa watatu, katika viwanja vidogo, kwa magoli madogo. Sababu yake haina siri. Uwanja kamili una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, na humo mtoto wa miaka minane huugusa mpira mara chache sana. Wakiwa watatu kwa watatu hapana pa kujificha. Kila mtoto atakabiliwa, atapiga chenga, atatoa pasi na kupokea, mara nyingi katika alasiri moja.

Niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu, kwa maana hayo tuliyafanya bila chama wala msimu. Tulipotoka chuoni alasiri, kofia zetu bado vichwani na mikono ina wino, tulikuwa na chandimu yetu uchochoroni: mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, matofali mawili kila upande, watatu kwa watatu au wanne kwa wanne. Uchochoro ulikuwa mwembamba hata usingeweza kubutua. Ukibutua mpira unaangukia uani kwa watu na mchezo umekwisha. Ukuta wa nyumba ya jirani ulikuwa mchezaji wetu wa ziada: unaupiga mpira ukutani, unampita mtu, unaupokea mbele. Ndiyo pasi ya gonga ya kwanza niliyoijua, na niliipokea kutoka kwa ukuta. Mwenye nyumba alitufukuza mara nyingi, Mungu amrehemu. Sheria moja haikuandikwa popote lakini wote tuliijua: asiyetoa pasi leo, kesho tukigawana timu anachaguliwa wa mwisho. Na asiyejua kumpita mtu naye huchaguliwa karibu na mwisho. Kwa hiyo tulijifunza yote mawili, bila kocha, kwa kuogopa kuachwa.

Vichochoro hivyo vimepungua. Viwanja vya wazi katika mitaa mingi vimejengwa, barabara zimejaa pikipiki, na mtoto wa leo aghalabu huanza kandanda lake katika timu yenye mwalimu, jezi na kombe. Hayo ni maendeleo, wala siyakatai. Lakini kombe limekuja na watu wazima wake. Nimeona mashindano ya watoto ambayo zawadi yake ni mbuzi, na mbuzi yule akaliwa na watu ambao hawajapata kupiga danadana mbili mfululizo. Mtu anayemngoja mbuzi hana subira na mtoto anayejifunza tobo.

Baada ya mchezo ule wa Jumamosi nilimwendea mwalimu wa timu. Ni kijana mwenye adabu, mwalimu wa darasa la tano, na timu anaifundisha baada ya saa za kazi bila malipo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Pole kwa matokeo.”

“Ahsante. Umemwona mwenyewe yule mtoto. Ana kipaji lakini hasikii.”

Nikamwuliza kama amepata kumweleza ni wapi apige chenga na wapi asipige. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia maneno ambayo sikuwa na jibu lake la haraka. Ana watoto 34 na mpira mmoja, na mpira wenyewe umeshonwa mara mbili. Zoezi lolote linalohitaji mipira mitano kwake ni hadithi. Akipoteza michezo miwili mfululizo wazazi wanakuja kumwuliza kwa nini, na mkuu wake naye anamwuliza, kwa kuwa shule jirani imefika mashindano ya wilaya na yao haikufika. “Mimi mzee,” alisema, “nikimwacha yule apige chenga tukafungwa, wa kulaumiwa ni mimi. Akiubutua tukafungwa, wamefungwa watoto.”

Nilikwenda pale nikiwa tayari kumlaumu, nikaondoka nikiwa na haya kidogo. Mwalimu yule anafanya lile ambalo sisi tunaosimama pembeni tunamlipa kulifanya, na malipo yenyewe ni kumwacha kwa amani. Sisi ndio tunaouliza “Mmeshinda?” mtoto anaporudi nyumbani, na hatumwulizi kama aliugusa mpira. Sisi ndio tunaopiga makofi kwa tobo na kuzomea likishindikana, mtu yule yule, dakika ile ile. Na juu ya mpira mmoja kwa watoto 34, wazazi na kamati za shule hawana wa kumsingizia. Gharama ya mbuzi mmoja hununua mipira kadhaa, na hata kabla ya hapo makaratasi na kamba havijaadimika.

Jambo hili la makaratasi nililisema nusu kwa mzaha, lakini mwalimu hakulichukua kwa mzaha. Nilipopita tena kiwanjani hapo, wiki tatu baadaye, siku ya mazoezi, niliwakuta watoto wamegawanywa makundi matano mchangani, matofali kila upande, na kila kundi lina mpira wake. Minne ilikuwa ya makaratasi na mifuko iliyosokotwa. Ule wa ngozi ulizunguka kundi hadi kundi kwa zamu. Mwalimu alikuwa akitembea katikati yao mikono nyuma. Simwambii msomaji kwamba kelele za “Achia!” zilikuwa zimekwisha, nilizisikia mara mbili, moja ikamtoka yeye mwenyewe.

Mwishoni akawakusanya wacheze uwanja mzima. Yule winga wa kulia alikuwamo, peku kama kawaida, na mrefu wa kushoto naye. Mpira ukamfika winga karibu na mstari. Akampita beki mmoja kwa nje. Wa pili akaja, na winga akasita kwa kitambo kile ambacho mtazamaji huona mguu unataka jambo moja na kichwa kinataka jingine. Kisha akainua uso. Sijui kama mrefu wa kushoto alikuwa amekwisha kuanza kukimbia au alianza pale alipoliona lile jicho. Nilipomtazama alikuwa mbioni. Pasi ilitoka mbovu kidogo, nyuma yake, ikabidi ajipinde kuufikia mpira, akaupiga kwa nguvu zake zote, ukapita juu ya mlingoti na kuzama katika shamba la mihogo.

Ulikuwa mpira wa ngozi, ule mmoja. Wakaenda wote wawili kuutafuta, na kutoka nilipokuwa nimesimama nilizisikia sauti zao ndani ya mihogo, mmoja akimlaumu mwenziwe kwa pasi na mwenziwe akimlaumu kwa shuti, hadi mwalimu alipopiga kipenga cha kuwaita.